Saratani ya Kongosho na Jeni za Uhaba wa Oksijeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafanya kazi katika maabara ya tishu hapa Moshi. Napokea vinyama kutoka chumba cha upasuaji, navikata vyembamba, navipaka rangi, kisha daktari wa patholojia anavisoma kwa hadubini. Maswali ya ukurasa huu nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine nimeulizwa na ndugu wa wagonjwa kwenye benchi la nje, mengine na wanafunzi, na mengi yametoka kwa wagumu wa mlimani, yaani wabeba mizigo ya wapandaji, ambao ukitaja oksijeni tu hawakuachi uende. Majibu haya yatakusaidia kuelewa unachoambiwa kliniki. Uamuzi wa tiba ni wa daktari anayemwona mgonjwa wako.

## Ya mwanzo

1. Kongosho ni nini, na liko wapi?

Ni kiungo laini na kirefu kilichojilaza nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kinatoa majimaji ya kusaga chakula, hasa mafuta, na kinatoa homoni zinazosimamia sukari ya damu, insulini ikiwemo. Ukichinja mbuzi utaliona limejificha kwenye mkunjo wa utumbo, lina rangi ya waridi iliyopauka. Wengi hulipita bila kulijua jina.

2. Saratani ya kongosho ni moja tu?

Hapana, na hili ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Zaidi ya 90 kati ya kila 100 huanzia kwenye vijifereji vinavyopitisha majimaji ya kusaga chakula. Hiyo ndiyo kali, na ndiyo ninayoizungumzia humu nisipotaja nyingine. Zipo pia zinazoanzia kwenye seli za homoni. Hizo kwa kawaida hukua taratibu na tiba yake ni nyingine. Steve Jobs alikuwa na aina hiyo ya pili. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "dawa mpya imetibu uvimbe wa kongosho", swali la kwanza ni: uvimbe upi? Tazama jibu la 10.

3. Kwa nini karibu kila mara hugundulika imechelewa?

Kwa sababu kongosho limejificha na dalili zake za mwanzo hufanana na za magonjwa ya kila siku. Tumbo kujaa gesi, kukosa hamu ya kula, maumivu juu ya kitovu: nani asiyewahi kupata hayo?

Mjomba wangu alipanda mlima zaidi ya miaka ishirini, kwanza mgumu, baadaye mpishi. Maumivu yalipomwanza, zahanati moja ilimtibu vidonda vya tumbo kwa miezi mitano. Dawa hii ikiisha anapewa ile. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mkanda wake wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Ni mimi niliyeyaona, siku ya kipaimara cha binti yake, na hata mimi nilinyamaza. Wiki tatu baadaye macho yakageuka manjano.

4. Basi ni dalili zipi nisizipuuze?

Macho au ngozi kuwa ya manjano, hata kama hakuna maumivu. Mkojo mweusi kama chai ya rangi huku choo kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Mwili kuwasha bila upele. Maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni na kupungua mtu akiinama mbele. Uzito kushuka bila sababu. Na hili la mwisho halisemwi vya kutosha: kisukari kinachojitokeza ghafla kwa mtu wa miaka 50 na kuendelea, huku anakonda badala ya kunenepa.

Yapo mengi mengine yanayoleta dalili hizi, hasa mawe ya nyongo na magonjwa ya ini. Lakini macho ya manjano ni ya kupimwa wiki hiyohiyo. Usisubiri mwisho wa mwezi.

5. Ni ugonjwa wa watu wa nje? Huku kwetu upo?

Upo. Kwa makadirio ya dunia ya mwaka 2022, watu wapatao 511,000 waligunduliwa na wapatao 467,000 walifariki. Hebu ziangalie tena namba hizo mbili jinsi zilivyokaribiana. Hata Marekani, kwenye vifaa vya kila aina, ni takribani 13 tu kati ya 100 wanaoishi miaka mitano baada ya kugunduliwa. Huku kwetu vipimo ni vichache, na wapo wanaozikwa na jina la "vidonda vya tumbo" au "ini".

Wanaoongeza hatari ni sigara, uzito uliopitiliza, kisukari cha muda mrefu, na uvimbe sugu wa kongosho, ambao pombe nyingi ni chanzo chake kimojawapo. Mbege ya sherehe si sawa na konyagi ya kila jioni, ila mwili hauhesabu jina la pombe, unahesabu kiasi.

## Oksijeni na jeni zake

6. "Jeni za uhaba wa oksijeni" ni nini? Mimi ninazo?

Unazo, na bila hizo usingezaliwa. Ni jeni ambazo seli huziwasha hewa inapopungua.

Zinavyowashwa ni hivi. Kila dakika seli zako zinatengeneza protini iitwayo HIF, na kila dakika zinaiharibu. Oksijeni ikiwepo ya kutosha, vimeng'enya fulani huitumia oksijeni hiyohiyo kuibandika HIF alama. Protini nyingine, VHL, huiona ile alama, huikamata HIF na kuipeleka ikasagwe. Haidumu hata robo saa. Oksijeni ikipungua, vimeng'enya vinakosa cha kubandikia. HIF inabaki bila alama, VHL inaipita kama haioni, nayo inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni kwa pamoja: za kuita mishipa mipya ya damu, za kuvuta sukari nyingi zaidi, za kuongeza chembe nyekundu, za kuvumilia tindikali.

HIF ziko zaidi ya moja. Zinazotuhusu hapa ni HIF-1 na HIF-2. Zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini kazi zao si zilezile, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jibu la 12.

7. Nani aliligundua jambo hili?

Gregg Semenza, Mmarekani, na wenzake waliitambua HIF-1 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa wakitafuta kinachoamrisha mwili kutengeneza damu zaidi hewa inapopungua. Peter Ratcliffe wa Uingereza na William Kaelin wa Marekani wakafumbua jinsi VHL na zile alama zinavyofanya kazi. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Kaelin alifika huko kwa kufuatilia ugonjwa adimu unaorithiwa katika familia chache, na leo watu wengi nje ya familia hizo wanafaidika.

8. Mlima Kilimanjaro unaingiaje hapa?

Unaingia moja kwa moja. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na kila pumzi pale inabeba karibu nusu ya oksijeni ya Tanga. Ukifika kambi ya Kibo, mita 4,700 na kitu, kiongozi anapita hema kwa hema jioni na kile kimashine cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu kwa asilimia. Mgeni aliyezoea kuona 98 anaona 80 inawaka nyekundu, anashika kifua. Mgumu wake anaangalia namba ileile na kuendelea kumenya viazi.

Muda huohuo, ndani ya figo za wote wawili, HIF-2 imeamka na inaagiza homoni ya erithropoietini, inayouambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Ndiyo sababu "pole pole" ni ushauri wa kitabibu: jeni zinahitaji siku kadhaa kumaliza kazi yao. Watu wa Tibeti, walioishi juu sana kwa maelfu ya miaka, wana umbo la pekee la jeni EPAS1, ambayo ndiyo inayotengeneza HIF-2. Hilo lilichapishwa mwaka 2010.

Uvimbe wa kongosho unatumia mfumo uleule. Tofauti ni kwamba mpandaji hushuka, na HIF zake zikalala. Uvimbe haushuki kamwe.

9. Kwa nini uvimbe wa kongosho hukosa oksijeni kuliko mingine?

Hapa niruhusu niseme ninachokiona kwa macho yangu. Kongosho zima, lisilo na ugonjwa, hukatika kama ini laini. Uvimbe wake unakwaruza kisu, kama unakata papai bichi karibu na mbegu. Ukishapakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, mwanafunzi huuliza, "Saratani yenyewe iko wapi?" Sehemu kubwa ya anachokiona ni nyuzi za waridi, zimelala tabaka kwa tabaka. Seli za saratani ni visiwa vichache vya zambarau katikati ya bahari hiyo. Mishipa ya damu ipo, lakini mingi imebanwa ikawa mistari isiyo na uwazi.

Nyuzi hizo zinafumwa na seli ziitwazo faibroblasti, ambazo kwa kawaida kazi yao ni kuziba vidonda. Saratani imezirubuni. Wenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, watanielewa haraka nikisema hivi: mfereji wa kutoka juu upo, lakini umefukiwa na udongo. Maji hayafiki mgombani. Na mbolea uliyoimimina kwenye maji, yaani dawa ya kemo, nayo haifiki.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wagonjwa saba waliochomwa sindano ya kupima oksijeni wakiwa mezani kwa upasuaji. Kwenye kongosho zima kando ya uvimbe, wastani ulikuwa kati ya milimita 24 na 93 za zebaki. Ndani ya uvimbe ulikuwa kati ya 0 na 5.3. Wagonjwa saba ni wachache, lakini tofauti kama hiyo haihitaji miwani.

Seli ya kawaida ingekufa humo. Ya saratani, ambayo mara nyingi tayari ina hitilafu ya jeni KRAS inayoisukuma igawanyike, inaziwasha jeni za HIF na kuishi kwa sukari. Inatema tindikali inayozilevya seli za kinga. Inajifunza kuhama. Na inakuwa sugu kwa mionzi, kwa sababu mionzi huhitaji oksijeni ili madhara yake kwenye DNA yasirekebishike: seli isiyo na oksijeni huhitaji karibu mara tatu ya dozi.

## Tiba: palipofikiwa

10. Kwa hiyo kuna dawa ya kuzima jeni hizi?

Ipo moja iliyoruhusiwa, na haijaruhusiwa kwa saratani ya kawaida ya kongosho. Inaitwa belzutifani, ni kidonge, na inaizuia HIF-2 isishikane na mwenzake. Marekani iliiruhusu Agosti 2021 kwa watu waliorithi hitilafu ya VHL, ikiwemo uvimbe wao wa kongosho wa aina ya homoni, na Desemba 2023 kwa saratani ya figo iliyoenea ambayo imeshindikana kwa dawa nyingine.

Tafadhali isome tena sentensi hiyo kabla ya kumtumia mtu pesa. Nimewahi kuletewa ujumbe wa WhatsApp unaosema "dawa ya kongosho imepatikana", wenye picha ya kidonge hicho. Ujumbe haukutaja aina ya uvimbe.

11. Imeshajaribiwa nini kwa saratani yenyewe ya kongosho?

Mengi, na mengi yameanguka. Nayaeleza yaliyoanguka kwa makusudi, kwa sababu mtu asiyeyajua huuziwa upya kila mwaka.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuzuia mishipa mipya ambayo HIF huiita. Dawa bevasizumabu iliongezwa juu ya gemsitabini, dawa ya kemo, kwa wagonjwa mia sita na kitu wa Marekani. Waliopewa waliishi wastani wa miezi 5.8, wasiopewa 5.9. Ukikumbuka hadithi ya mfereji uliofukiwa, si ajabu: uvimbe huu hauishi kwa mishipa mingi, kwa hiyo kuizuia hakuukomeshi.

Kisha likaja wazo ninalolipenda mpaka leo. Badala ya kupigana na uhaba wa oksijeni, utumie. Evofosfamidi ni dawa inayolala damuni na kuamka kuwa sumu inapofika penye oksijeni ndogo tu. Katika jaribio la mwisho, wagonjwa 693, waliochanganyiwa na gemsitabini waliishi wastani wa miezi 8.7 dhidi ya 7.6. Tofauti ikawa ndogo mno kuthibitishwa kitakwimu, na dawa haikuruhusiwa. Wagonjwa hawakuchaguliwa kwa kupimwa kwanza kama uvimbe wao umekosa oksijeni kiasi gani. Kwangu mimi hilo ndilo kosa, kwa sababu uvimbe haulingani mtu na mtu.

Wengine walijaribu kuyeyusha ukuta unaoizunguka saratani ili mfereji ufunguke. Kimeng'enya kimoja cha kuyeyusha kilifika hatua ya tatu ya majaribio na kikashindwa mwaka 2019. Panya wa maabara walikuwa wameshatoa onyo mwaka 2014: ukizipunguza sana faibroblasti, saratani inakuwa kali zaidi. Ukuta uleule unaoificha saratani pia unaizuia.

12. Kwa nini wasizime HIF zote mara moja?

Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba wewe mwenyewe unazihitaji. Wanaotumia belzutifani wengi hupungukiwa damu, kwa kuwa amri ya erithropoietini imezimwa, na baadhi oksijeni ya damu hushuka hadi wanahitaji mtungi. Mgumu yeyote wa mlimani angekueleza kinachompata mtu aliyenyang'anywa uwezo wa kuzoea.

Ya pili ilishangaza wengi. Panya walipoondolewa HIF-1 ndani ya seli za kongosho lenyewe, saratani haikupungua. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha vidonda vya awali viliongezeka kasi, na wa mwaka 2020 ulionyesha seli za saratani zisizo na HIF-1 zilivamia na kusambaa zaidi. Kwa hiyo HIF-1, angalau mahali hapo na wakati huo, inashika breki fulani. Anayekuambia "zima HIF, saratani itakufa" hajasoma hadi mwisho.

13. Basi njia ipi inatia moyo?

Nitasema mtazamo wangu: usiiangalie seli ya saratani peke yake, mwangalie anayemjengea ukuta.

Mwaka 2022 kulichapishwa utafiti wa panya ambamo HIF-2 iliondolewa ndani ya faibroblasti tu, si ndani ya saratani. Uvimbe ukapunguza kasi na panya wakaishi zaidi. Kuondoa HIF-1 kwenye faibroblasti hizohizo hakukuleta matokeo hayo. Kisha wakawapa panya dawa ya jamii ya belzutifani pamoja na dawa za kuamsha kinga ya mwili, ambazo peke yake karibu hazifanyi lolote kwa kongosho, na mchanganyiko ukafanya kazi vizuri zaidi. Hii ina maana huhitaji kuubomoa ukuta. Unawabadilisha mafundi.

Njia nyingine ni kuzilenga jeni zinazowashwa na HIF badala ya HIF yenyewe. Mojawapo ni CA9, inayoiwezesha seli kusukuma tindikali nje isijichome. Kuna dawa ya kuizuia ambayo imejaribiwa kwa wagonjwa wachache pamoja na gemsitabini.

Panya si binadamu. Dawa za panya zilizoanguka kwa binadamu wa kongosho zinajaza kabati. Lakini ukiniuliza ni mlango upi ningeusimamia, ni huo wa HIF-2 na faibroblasti.

14. Mgonjwa akivuta oksijeni ya mtungi, uvimbe si utapata hewa?

Mama mmoja kutoka Kibosho aliniuliza hivi: "Mwanangu, kama shida ni hewa, si tumnunulie mtungi?" Ni swali zuri kuliko mengi ya darasani. Jibu ni kwamba hewa haikosekani kwenye damu. Inakosekana kwenye njia. Damu yake inaweza kuwa na 97 kidoleni huku katikati ya uvimbe ni sifuri. Mtungi hauzibui mfereji. Oksijeni apewe kama mapafu au damu yake inaihitaji, na daktari ndiye atakayesema.

15. Nimesikia digoksini, dawa ya moyo, inazuia HIF. Tuianze?

Hapana. Kwenye maabara ilionekana kupunguza utengenezaji wa HIF-1, na ilichapishwa mwaka 2008. Digoksini ni dawa ambayo dozi ya tiba na dozi ya kuua zimekaribiana mno. Na isome tena sehemu ya pili ya jibu la 12.

## Hapa kwetu

16. Leo hii, mgonjwa wa kongosho anatibiwa kwa nini?

Kama uvimbe haujashika mishipa mikubwa wala kusambaa, upasuaji. Ni upasuaji mkubwa, na wanaogunduliwa wakiwa bado wanafaa ni mmoja kati ya watano au sita. Baada yake huja kemo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, waliofanyiwa upasuaji kisha wakapewa mchanganyiko wa dawa nne waliishi wastani wa miezi 54, wa gemsitabini peke yake miezi 35. Hawakuwa wagonjwa wa kawaida, walikuwa na nguvu za kuubeba mchanganyiko huo, lakini ndiyo namba bora tuliyo nayo.

Kama upasuaji hauwezekani, kemo huongeza miezi. Mwaka 2011 mchanganyiko huohuo ulileta wastani wa miezi 11 dhidi ya karibu 7 ya gemsitabini. Na kuna mambo yasiyo ya saratani yenyewe yanayobadilisha maisha ya siku kwa siku: mrija wa kuzibua njia ya nyongo ili manjano na mwasho viishe, vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula ili mtu aache kuharisha mafuta, na mofini ya maji ya kunywa. Mofini haiharakishi kifo ikitolewa inavyotakiwa. Mjomba aliikataa kwa wiki mbili kwa sababu jirani alimwambia ni "dawa ya kuagia". Wiki mbili zile sitazisahau.

17. Nianzie wapi, Moshi au Arusha?

Anzia hospitali yenye ultrasaundi, na uombe barua ya rufaa mapema. Moshi kuna KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda yenye kituo cha saratani. Arusha kuna Mount Meru, hospitali ya rufaa ya mkoa, na hospitali ya Kilutheri, ALMC. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Kabla ya kufunga safari, piga simu uulize kipimo au tiba unayoifuata kama inapatikana wiki hiyo. Beba picha za CT, siyo karatasi ya majibu peke yake. Daktari wa upasuaji anataka kuona mishipa kwa macho yake.

18. Tunaweza kujiunga na utafiti wa dawa hizi?

Majaribio mengi ya dawa za HIF yanafanyika Marekani na Ulaya. Hapa nchini, utafiti wowote wa dawa kwa binadamu lazima uwe na kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ikiwa ndiyo mamlaka ya taifa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa dawa yenyewe. Ukialikwa, omba kuviona. Utafiti halali haumtozi mgonjwa dawa ya majaribio.

19. Na mitishamba?

Wengi wetu tunakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kunywa kikombe cha mitishamba cha Babu. Walikwenda watu waliokata tamaa, na siwezi kumcheka hata mmoja. Mimea imetupa dawa za kweli za saratani, na nyingine ziko kwenye kemo tunazotumia. Lakini hakuna mmea uliothibitishwa kuponya kongosho au kuzima HIF mwilini mwa mtu. Kama mgonjwa anakunywa kitu, mwambieni daktari bila aibu, maana baadhi huumiza ini ambalo tayari limeziba nyongo. Na kama mtu anataka muuze sehemu ya kihamba ili alipwe kwanza, mkataeni.

## Ya pembeni

20. Kupanda mlima mara nyingi kunaleta saratani ya kongosho? Mjomba wako si alikuwa mlimani?

Nimejiuliza hilo usiku mwingi. HIF inayowaka siku chache mlimani inazimika ukishuka, na hakuna ushahidi kwamba inaanzisha saratani hii. Mjomba alivuta sigara tangu ana miaka kumi na sita.

21. Mgonjwa anaishi Marangu juu. Ahamie mjini?

Hapana haja. Kwenye vijiji vyetu vya migombani, hata vya juu, damu ya mtu mwenye mapafu mazima bado imejaa oksijeni. Akae anapopata uangalizi na uji wa moto. Anayetumia dawa ya kuzuia HIF-2, au mwenye damu pungufu sana, aulize kwanza kabla ya kupanda juu zaidi.

22. Kwetu wawili wamekufa kwa ugonjwa huu. Je, tunarithi?

Inawezekana. Baadhi ya familia hubeba hitilafu ya jeni kama BRCA2, ile inayojulikana zaidi kwa saratani ya matiti. Mwambie daktari historia ya pande zote mbili, ya baba na ya mama. Ugonjwa wa VHL ni jambo tofauti: hao hupata uvimbe wa macho, ubongo, figo na kongosho, mara nyingi wakiwa vijana, na ndio ambao belzutifani iliruhusiwa kwao kwanza.

23. Ndugu yangu ana figo mbovu na saratani ya kongosho. Kuna vidonge vya kuongeza damu vinavyoinua HIF. Atumie?

Umeuliza swali ambalo hata kliniki huwa halikumbukwi. Vidonge hivyo, kama roksadustati na daprodustati, huvizuia vile vimeng'enya vya kubandika alama, ili HIF ibaki hai na damu iongezeke. Kwa mgonjwa wa figo asiye na saratani ni wazo zuri. Kwa mwenye saratani hai, unaamsha kwa makusudi kile ambacho wengine wanatafuta namna ya kukizima, na maelezo ya dawa hizi yanatahadharisha juu ya hilo. Daktari wa figo na wa saratani wazungumze wao kwa wao kabla ya kidonge cha kwanza. Mpelekee kila mmoja namba ya simu ya mwenzake.

24. Marehemu wetu alichukuliwa kinyama. Bado kipo? Kina faida yoyote?

Kwa kawaida kipo. Kinyama kilichogandishwa kwenye nta huhifadhiwa miaka mingi, na kinaweza kupakwa rangi ya kuonyesha CA9, yaani kuonyesha ni sehemu zipi za uvimbe zilikuwa zinakosa hewa. Watafiti wakipata kibali cha maadili, vinyama vya watu wetu vinaweza kujibu swali ambalo majaribio ya Marekani hayakujibu: je, uvimbe wa mgonjwa wa Rombo au Monduli unakosa oksijeni sawa na wa mgonjwa wa Boston? Familia inaweza kuuliza kuhusu kinyama hicho, na inaweza kusema kama inapenda kitumike au la.

Cha mjomba nilikikata mimi mwenyewe, kabla sijaangalia jina kwenye fomu. Kiko kwenye droo ya tatu, kimeandikwa namba kwa kalamu ya risasi, maana wino hufutika kwenye dawa zetu. Shangazi alisaini kwamba kitumike.